Chumba Kilichokataa Kufika Sifuri

Inspekta alikuwa amekwisha kukuta maiti jikoni, shambani, ndani ya gari, na mara moja ndani ya tangi la maji, lakini hakuwahi kukuta maiti mahali pasafi kama pale. Kuta nyeupe. Sakafu ya chuma inayong'aa. Taa ambazo ndani yake hamkuwa na hata nzi mmoja mfu. Na katikati, chali, kijana wa miaka thelathini na minne aliyevaa ovaroli jeupe, kisogo chake karibu na mguu wa meza ya chuma.

"Aliteleza," alisema Sajini kabla hajaulizwa. "Akajigonga kwenye kona ya meza. Kazi imeisha, afande."

Sajini alikuwa mtu wa kumaliza kazi kabla haijaanza. Inspekta alikuwa kinyume chake: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzito wa hatua, ambaye vijana wa kituoni walimwita Polepole akiwa hayupo. Alijua wanavyomwita. Hakuona kosa katika jina hilo.

"Tangu lini?" alimuuliza daktari wa polisi aliyechuchumaa kando ya maiti.

"Tangu juzi, Jumamosi. Mchana kuelekea jioni."

"Alikufa palepale?"

"Sidhani. Damu ilivujia ndani ya fuvu, tena taratibu. Nikimfungua nitajua zaidi."

"Angewahishwa hospitali?"

"Angewahishwa, mimi na wewe tusingekutana leo."

Walipomwinua marehemu, askari wawili waliombeba walisimama ghafla. Sakafuni ilibaki sura ya mtu iliyochorwa kwa vumbi la kijivu: mabega, mgongo, miguu miwili. Vumbi lenyewe lilikuwa laini kuliko unga. Nje ya sura hiyo hamkuwa na hata punje.

"Sajini, mtu akianguka juu ya vumbi, vumbi linakuwa wapi?"

"Chini yake, afande."

"Na pembeni?"

Sajini alitazama pembeni. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Pembeni pia. Isipokuwa mtu amesafisha."

"Amesafisha akimzunguka," alisema Inspekta. "Hakumgusa, hakumwinua. Alimzunguka kama unavyozunguka kochi." Na jambo hilo, ambalo halikuwa na damu wala kisu, lilimtia baridi kuliko mengi aliyoyaona.

*

Chumba kile kilikuwa cha majaribio, ndani ya maabara inayopima mashine za kufyonza vumbi kabla hazijanunuliwa na shule, hospitali na ofisi za umma. Marehemu alikuwa mpimaji. Kwa wembamba wake na kwa kazi yake, wenzake walimwita Chembe, na yeye mwenyewe alilizoea jina hilo hata akaliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Aliyemkuta amekufa ni mkuu wa maabara, alipofungua mlango Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kucha zimekatwa sawasawa. Watu wote walimwita Mzee Sifuri, hata mbele yake. Haanzi jaribio, walisema, mpaka kihesabio cha chembe kisome sifuri. Na akimaliza, haondoki mpaka kimerudi sifuri.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu, mzee," alisema Inspekta walipoketi ofisini mwake. "Maana kweli sijui."

"Vumbi unaloliona si tatizo, binti yangu. Hilo hata ufagio unaliweza. Tatizo ni lile usiloliona. Laini kiasi kwamba linapita pua, linapita koo, linakwenda kukaa chini kabisa ya mapafu. Mashine mbaya hufyonza vumbi mbele, ikabaki na lile nene, lile laini ikalitapika kwa nyuma. Mwenye nyumba anaona zulia safi, anafurahi. Kumbe amelitoa zuliani akalitia hewani."

"Na mashine nzuri?"

"Nzuri ina kichujio kinachoshika. Ikimeza, imemeza."

"Mnajuaje ipi ni ipi?"

"Tunamwaga vumbi la kipimo, tunawasha mashine, tunafunga mlango, tunahesabu. Kihesabio kinavuta hewa ya chumba na kila dakika kinapiga namba kwenye utepe wa karatasi. Namba hiyohiyo inaonekana kwenye kioo kidogo nje ya mlango."

"Na chumba kikiwa kitupu?"

"Sifuri. Dari lina feni ndogo yenye kichujio chake. Inafanya kazi polepole, lakini mwisho wake ni sifuri." Sauti ya mzee ilipata uhai. "Mwaka fulani kilikataa siku mbili. Kumi na tano, kumi na saba, hakishuki. Wenzangu wakasema kihesabio kimeharibika. Nikawaambia, chumba kikikataa kufika sifuri, tafuteni anayepumua. Tukasogeza kabati. Panya. Mdogo hivi."

Alionyesha kidole gumba na kutabasamu. Kisha tabasamu likamtoka usoni kwa ghafla, na mkono wake ukapapasa ukingo wa meza. Inspekta alidhani ni majonzi, akampa nafasi.

"Chembe alikuwa mwanafunzi wako?"

"Nilimpokea hajui hata kushika bisibisi. Miaka kumi na moja sasa. Harusi yake nilisimama mimi, baba yake alikuwa amekwisha kufariki."

"Mlikuwa na ugomvi?"

"Mtu hagombani na mtoto wake. Humrekebisha."

"Jumamosi ulikuwa wapi, mzee?"

"Jumamosi maabara haifanyi kazi."

"Kihesabio kiliwaka Jumamosi?"

"Hakizimwi."

"Utepe wake uko wapi?"

"Ndani ya mashine haumo," alisema Mzee Sifuri. "Umekwisha angalia, nadhani."

Alikuwa ameangalia. Haukuwamo. Alipofika kwenye ngazi ndipo Inspekta alipogundua kwamba mzee hakumjibu alikuwa wapi Jumamosi wala utepe uko wapi, na pia hakusema uongo hata mmoja.

*

Sajini alikuwa ameshapata muuaji wake.

"Fundi Mota," alisema, akiweka daftari la mlinzi wa lango mbele ya Inspekta. "Ndiye anayetengeneza ile mashine ya bluu. Mwaka jana maabara ilizipima mashine nane, ya bluu ikaandikwa 'haifai'. Nyekundu ikaandikwa 'bora'. Hospitali na mashule yote yakaenda kwa nyekundu. Huyu karakana yake ilikuwa na mafundi kumi na wawili, sasa wamebaki watatu. Alimfokea Chembe hapa koridoni mbele ya watu. Na Jumamosi alikuja. Saa kumi na nusu ameingia langoni, saa kumi na dakika arobaini ametoka."

"Mwingine?"

"Chembe mwenyewe, aliingia saa nane. Basi."

"Mlango wa nyuma?"

"Wa mizigo. Hauna mlinzi. Funguo zipo mbili, mmoja wa Chembe, mmoja wa mzee."

Simu iliita. Alikuwa mtaalamu wa vielelezo. Alikuwa amefungua mashine zote nane zilizopangwa rafuni, kila moja na kadi yake ya alama. Mashine moja mfuko wake ulikuwa mpya, haujatumika hata kidogo, lakini kichujio cha ndani kilikuwa kimeshiba vumbi lilelile la kijivu lililokuwa chini ya maiti.

"Ipi?"

"Ya bluu."

Sajini alipiga kofi moja. "Mashine yake mwenyewe, afande. Mtu atachukua anayoijua."

Inspekta alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa na miguu. Wakamwita.

Fundi Mota alikuwa na mikono mikubwa yenye grisi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa kuitoa, na alipoketi aliificha chini ya meza kama mtoto.

"Ulimchukia Chembe?"

"Nilimchukia, ndiyo. Siwezi kukudanganya."

"Jumamosi ulifuata nini?"

"Aliniita yeye. Ijumaa, kwa simu. Akasema, 'Kaka, njoo kesho saa kumi na nusu kamili, si kabla. Tuna la kukwambia kuhusu mashine yako, na tuna la kukuomba msamaha.'"

"Tuna? Alisema 'tuna'?"

"Ndivyo alivyosema. Nimefika, nimegonga. Nimegonga sana. Hakuna mtu. Nikasema hawa wananichezea tena, nikaondoka." Aliinua macho. "Alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

Mikono ya Fundi ilitoka chini ya meza, akaitazama.

"Kipimo chao mimi sikukielewa tangu mwanzo," alisema. "Kile kichujio nilikikunja mwenyewe, miaka mitatu nilikikunja na kukikunjua. Wakapima, wakasema kinavuja. Nikarudi karakana nikakitazama kama mtu anavyomtazama mkewe aliyeambiwa ni mwizi. Sikukiona kilipovuja."

*

Dada yake Chembe alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto wenye maradhi ya kifua. Inspekta alimkuta kazini kesho yake asubuhi. Alikuwa ameambiwa akapumzike, akakataa. Alisema nyumbani kuna watu wengi wanaolia, na hapa kuna watoto wanane wanaotaka dawa saa sita.

Vitanda vilikuwa vinane, kila kimoja na mdoli au kitabu juu yake. Mhudumu mmoja alikuwa anasukuma mashine nyekundu chini ya vitanda. Sakafu ilibaki safi nyuma yake. Mtoto wa kitanda cha tatu alianza kukohoa, kisha wa nne.

"Unasikia?" aliuliza muuguzi. "Kila asubuhi ni hivi. Kabla hatujapata mashine hizi walikuwa wanakohoa, ndiyo, ni wagonjwa. Lakini si hivi baada ya usafi. Niliwaambia wakubwa, wakanionyesha karatasi ya maabara. Karatasi inasema ni bora. Nikamwambia mdogo wangu."

"Akasemaje?"

"Alicheka kwanza. Akasema, 'Dada, hiyo kapima Mzee mwenyewe, Mzee hakosei.' Nikamwambia basi njoo uwaambie watoto waache kukohoa. Alhamisi akaja na kihesabio chake cha mkononi. Akasimama pale, mlangoni, mhudumu anasafisha. Nikamwona anabadilika. Namba zilikuwa zinapanda badala ya kushuka."

"Alikwambia nini?"

"Alikaa kwenye kile kiti kama dakika kumi. Kisha akasema, 'Lazima nianze na Mzee. Siwezi kumpita. Nitamwita Jumamosi saa tisa, peke yetu, nimwonyeshe. Halafu Fundi aje saa kumi na nusu, ili Mzee amwambie kwa kinywa chake. Nisiwe mimi.'" Muuguzi alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunja tena. "Alimtafutia saa moja na nusu ya kujiandaa. Ndivyo alivyompenda."

Inspekta alimwendea mhudumu na kumwomba azime mashine ile.

"Nani kasema?" aliuliza mhudumu.

"Mimi nimesema. Leo tumia kitambaa chenye maji."

"Ina karatasi ya maabara, hiyo."

"Najua ina karatasi."

Mhudumu alimtazama muuguzi, muuguzi akatikisa kichwa kukubali. Lakini wodi za namna hiyo zilikuwa nyingi, na mkono wa Inspekta haukuweza kufika kote. Karatasi ilihitaji kufutwa na mkono ulioiandika.

*

Nyumbani kwa Mzee Sifuri alifungua mkewe, bibi mchangamfu aliyemkaribisha kabla ya kumuuliza ni nani.

"Mzee yuko kazini, mwanangu. Hata siku ya leo ameenda, eti kutakuwa na watu wa kuwaongoza. Msiba huu umemvunja. Tangu Jumamosi hali chakula."

"Tangu Jumamosi, mama? Maiti imeonekana Jumatatu."

Bibi alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, na hakujua kwamba kulikuwa na cha kudanganyia.

"Basi labda ni tumbo. Jumamosi alitoka baada ya chakula cha mchana, akarudi jioni, akaoga. Akaoga tena. Nikamtania, leo unaenda kuoa?"

Kutoka chumba cha ndani ilisikika kicheko cha mtoto. Alikuwa mjukuu wa miaka mitano, alisema bibi, ana pumu tangu anazaliwa, wazazi wake wako mbali kikazi. Mlango ulikuwa wazi. Inspekta aliona kitanda kidogo, zulia, pazia lililofuliwa, na katika kona, waya wake umezungushwa vizuri, mashine ya bluu.

"Hii mmeipata lini?"

"Ya bluu? Mwezi wa tatu huu. Tulikuwa na nyekundu, nzuri tu, sijui kwa nini mzee aliitoa. Siku moja alirudi nayo hii, akasema chumba cha mtoto kisafishwe kwa hii peke yake. Na kweli, mtoto amepata nafuu. Usiku analala."

Inspekta alishukuru, akaaga. Ndani ya gari alikaa bila kuwasha injini. Alikuwa na mjukuu na yeye. Alijua angemnunulia nini. Hilo halikuwa gumu kulielewa, na ndilo lililomuumiza: mzee aliujua ukweli, akautumia kwa kitanda kimoja, vingine akaviacha.

"Tumkamate?" aliuliza Sajini kwenye simu.

"Kwa kosa la kununua mashine nzuri? Bado. Nataka ule utepe."

"Atakuwa ameuchoma, afande. Mimi ningeuchoma."

"Wewe ndiyo. Wewe risiti ya jana huna." Alifikiri. "Nenda chumba cha kumbukumbu. Tafuta kabati la tepe, droo ya mwezi huu. Angalia tarehe ya Jumamosi."

"Afande, mtu afiche ushahidi mahali pake?"

"Angalia tu."

Dakika saba baadaye simu iliita tena. Sauti ya Sajini ilikuwa ndogo.

"Umo. Umekunjwa, umebanwa kwa pini, tarehe imeandikwa kwa wino. Kati ya Ijumaa na Jumapili."

*

Saa tisa alasiri walikuwa watatu ndani ya chumba cheupe. Inspekta alikuwa amemwomba mzee ampimie mashine mbili, na mzee, ambaye angeweza kukataa, hakukataa. Alivaa ovaroli, akamwaga vumbi la kipimo kwa kijiko, akasawazisha kwa ukingo wa rula. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo wakati wa kazi.

Nyekundu kwanza. Sakafu ikawa safi. Kihesabio ukutani kilipanda kutoka elfu moja hadi elfu kumi na nane, na Sajini akaanza kujikuna pua.

Kisha bluu. Namba ikaanguka mbele ya macho yao: elfu tisa, elfu mbili, mia nne.

"Kadi ya hii inasema 'haifai'," alisema Inspekta.

"Ndiyo."

"Na ile inasema 'bora'. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Uliambiwa na mtu uandike hivyo? Ulipewa kitu?"

Mzee alimtazama kana kwamba amemtukana. "Miaka ishirini na sita, binti. Sijawahi kupokea hata kalamu."

"Basi ilikuwaje?"

"Tunapima mashine zikiwa ndani ya masanduku meusi yenye namba, tusijue ipi ni ya nani, tusipendelee. Masanduku yalikuwa na vumbi. Siwezi kuona kitu kina vumbi. Siku ya mwisho niliyavua, nikayapangusa, nikayarudisha. Sanduku la nne nikaivika mashine ya saba, la saba nikaivika ya nne, bluu ikapata namba za nyekundu." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma. "Namba zote zilikuwa sahihi. Kila namba. Ni masanduku tu."

"Ulijua lini?"

"Mtoto wangu, huyu mjukuu, alikuwa anazidiwa. Nikapima nyumbani usiku mmoja. Nikajua."

"Miezi mitatu iliyopita. Ungeandika barua."

"Ningeandika." Alivua kofia ya ovaroli. "Unajua wapimaji wangapi nimewafundisha? Mia na kitu. Wote wanasema, Mzee hakosei. Kila asubuhi nilisema leo naandika. Kila asubuhi ilikuwa siku moja zaidi ya kuulizwa kwa nini hukuandika jana."

"Na Jumamosi?"

"Alinionyesha namba za wodini. Hakunifokea. Angenifokea ningeweza. Alisema, 'Mzee, utamwambia Fundi mwenyewe, mimi nitasimama nyuma yako.' Nikamwambia tungoje, tuseme ni hitilafu ya kihesabio. Akasema, 'Watoto wanakohoa leo, Mzee.' Nikamsukuma. Kwa mkono mmoja, hivi, kifuani. Alikuwa ameshika kopo la vumbi. Alianguka nalo."

"Ukasafisha."

"Nyayo zangu zilikuwa kila mahali. Nilichukua mashine."

"Ukachukua ya bluu."

"Sikufikiri."

"Ndiyo maana nakuamini," alisema Inspekta. "Karatasi yako inasema nyekundu ni bora. Mkono wako haukuiamini karatasi yako. Nyumbani haukuiamini, na hapa haukuiamini."

Mzee aliitazama mashine ya bluu.

"Kwa nini hukuuchana utepe?"

"Utepe wa kipimo hauchanwi."

Inspekta alitoa utepe kwenye bahasha ya vielelezo, akaunyoosha juu ya meza ya chuma.

"Nisaidie kuusoma. Saa tisa na dakika kumi na mbili namba inaruka, elfu tisini. Hapo kopo limemwagika. Inashuka haraka, hiyo bluu. Saa tisa na dakika arobaini na nane inapanda kidogo."

"Mlango. Nilikuwa natoka."

"Baada ya hapo mlango haukufunguliwa tena mpaka Jumatatu. Sasa hapa. Kumi na moja. Tisa. Kumi na mbili. Kumi na moja. Inakwenda hivyo dakika thelathini na tatu. Kisha saba, nne, mbili, moja. Saa kumi na dakika ishirini na sita, sifuri. Na sifuri mpaka mwisho wa utepe."

Mzee Sifuri alikuwa ameshaona. Alikuwa amesoma tepe za miaka ishirini na sita, asingeweza kutoona.

"Nilidhani amekufa," alisema. "Mashine inapiga kelele. Sikusikia kitu."

"Hilo nitaliandika. Fundi aligonga dakika nne baada ya sifuri hiyo, na hilo pia nitaliandika." Alisukuma karatasi tupu na kalamu mbele yake. "Kwanza andika wewe. Ripoti ile imekosewa, mashine nyekundu itolewe wodini. Weka sahihi yako. Nyingine hawataiamini."

Aliandika. Hakukata neno wala hakurudia mstari. Aliweka tarehe, akaweka sahihi, akapuliza wino ukauke. Ilimchukua dakika nne, kazi iliyomshinda kwa miezi mitatu. Sajini aliikunja barua na kuitia mfukoni kwa uangalifu ambao Inspekta hakuwahi kuuona kwake.

Walitoka. Mzee ndiye aliyefunga mlango, kwa mazoea, akiubana mpaka mpira wake ukalia.

"Swali la mwisho," alisema Inspekta. "Watu wako wote wanasema huondoki hapa kabla hujasoma hiki kioo. Jumamosi ulikisoma?"

Kwenye kioo kidogo kando ya mlango namba ilikuwa inashuka.

"Nilikisoma."

"Kilisema nini?"

"Kumi na moja."

"Ulingoja?"

"Nilingoja dakika mbili. Kikasema tisa. Kikasema kumi na mbili." Aliushika mlango. "Kilikataa."

"Na chumba kikikataa, mzee?"

Alijua jibu. Alikuwa amewafundisha wapimaji mia na kitu. Alimfundisha Chembe koridoni humohumo, siku ya kwanza, kijana akiwa hajui kushika bisibisi. Akageuza uso, akaegemeza paji lake kwenye mlango, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Sajini alitoa pingu. Inspekta alimzuia kwa mkono.

Walisimama wote watatu wakitazama kioo. Thelathini. Kumi na nne. Sita. Feni ya darini ilifanya kazi yake polepole. Namba ilipofika sifuri, mzee mwenyewe alinyoosha mikono.